Sushi kwa Samaki wa Kigoma: Mwongozo Kamili wa Kuitengeneza na Kuila Bila Kujidhuru

Mwalo wa Kibirizi asubuhi, mitumbwi imeshafungwa na akina mama wameinama juu ya mabeseni, neno utakalolisikia kuliko yote ni "wabichi". Dagaa wabichi, migebuka wabichi. Kwetu ubichi wa samaki ni sifa: hajalala, hajakaushwa, katoka majini usiku huu. Hakuna anayeelewa kwamba aliwe hivyo hivyo. Desemba iliyopita mpwa wangu alikuja likizo kutoka Dar es Salaam, akanunua kuhe mzuri wa kilo moja na nusu, akamlaza kwenye kibao changu na kuanza kumkata vipande vyembamba kama karatasi. "Shangazi, leo unakula sushi." Nikamuuliza mbona hajawasha jiko. Akacheka. Nikamnyang'anya kisu.

Mwongozo huu umezaliwa na ugomvi ule. Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Mwanga, Kigoma mjini, na nyumbani naishi na kaka yangu mkubwa mwenye kisukari na presha, kwa hiyo swali la kama chakula fulani kina afya mezani kwetu huulizwa kila siku na hujibiwa na mashine ya kupima sukari. Tangu siku ile nimetengeneza sushi mara nyingi, nimeharibu wali wa kutosha, na nimefikia msimamo huu: sushi inaweza kuwa chakula kizuri sana cha mwili, ila uzuri wake hauko kwenye jina. Uko kwenye samaki, kwenye kiasi cha wali, na kwenye kibakuli cha kuchovyea. Na kwa sisi wa kando ya Tanganyika lipo sharti linalotangulia yote: samaki wa ziwani aive.

Kwanza, sushi ni nini hasa

Wengi wanadhani sushi ni samaki mbichi. Sivyo. Sushi ni wali uliotiwa siki. Kinachowekwa juu yake au ndani yake ni kitoweo tu. Samaki mbichi anayeliwa peke yake bila wali ana jina lake, sashimi. Neno sushi lenyewe lilitokana na uchachu, maana chakula hiki kilianza kama njia ya kuhifadhi samaki: alitiwa chumvi, akafukiwa ndani ya wali kwa miezi, wali ukachacha, na uchachu ule ukamzuia asioze. Wali ulitupwa, samaki akaliwa. Kandokando ya Ziwa Biwa, mkoa wa Shiga huko Japani, hadi leo wanatengeneza hivyo sushi iitwayo funazushi, kwa samaki wa maji baridi.

Ile ya kufinyanga tonge la wali na kulaza kipande cha samaki juu yake ilienea baadaye sana, mwanzoni mwa karne ya 19, katika mji wa Edo ambao leo ni Tokyo. Iliuzwa vibandani kwa watu wenye haraka. Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema sushi ni chakula cha mabwanyenye, mwambie ilianza kama mihogo ya kukaanga ya kituo cha basi.

Hatua ya kwanza: washa jiko

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Samaki wa bahari ana minyoo yake, na anayejulikana zaidi ni Anisakis. Samaki wa maji baridi naye ana wake, na wengine ni wabaya zaidi. Kandokando ya Mto Mekong, Thailand na Laos, watu wanaokula samaki wabichi wa mtoni hupata mnyoo bapa wa ini aitwaye Opisthorchis viverrini. Hukaa kwenye mirija ya nyongo kwa miaka, na mwaka 1994 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ilimweka kwenye kundi la visababishi vya saratani visivyo na shaka. Huyo ni mnyoo wa Asia, si wa kwetu. Namtaja ili ujue samaki mbichi wa maji baridi anaweza kukufikisha wapi. Kwenye maziwa ya Afrika wapo minyoo mviringo wa jamii ya Contracaecum, ambao hukomaa tumboni mwa ndege wala samaki kama mnandi, na viluwiluwi vyao hujificha ndani ya samaki. Ukiwaona mnandi wamejipanga juu ya miamba kama wazee wa baraza, ujue mzunguko huo hauko mbali.

Kisha kuna bakteria. Mei 2015 kipindupindu kiliwakumba wakimbizi wa Burundi waliojazana Kagunga, kijiji cha ufukweni kaskazini mwa Kigoma, na waliokuwapo hawajasahau. Maji ya pwani ya ziwa ndiyo tunayofulia, tunayoogea na tunayooshea samaki. Moto unalimaliza hilo. Kisu kikali hakilimalizi.

Mpwa wangu alikuwa na hoja mbili, na nadhani wewe pia unazo. Ya kwanza: "Tutamloweka kwenye ndimu." Ndimu haiivishi samaki. Nyama hugeuka nyeupe na kukaza kwa sababu asidi imebadilisha protini zake, lakini mnyoo aliyemo anaweza kutoka salama. Siki ni hivyo hivyo. Hoja ya pili: "Tumgandishe." Hii ina ukweli ndani yake, maana ndivyo hoteli nzuri zinavyofanya. Kanuni za Marekani zinataka samaki wa kuliwa mbichi akae kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, au agandishwe kabisa kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri na kukaa hapo saa 15. Friza ya nyumbani, inayofunguliwa kila dakika na watoto wanaotafuta lambalamba, haifiki huko kwa uhakika, na umeme ukikatika usiku unaanza kuhesabu upya. Hata ukifaulu, baridi inaua minyoo. Bakteria wengi wanasinzia tu.

Usione aibu kwamba ukimwivisha samaki umefanya sushi ya bandia. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka ambaye Wajapani humwita unagi na kumpenda mno, siku zote huchomwa, kwa kuwa damu yake mbichi ina sumu. Kamba huchemshwa. Yai hukaangwa tabaka juu ya tabaka na kuwekwa juu ya wali. Na ile salmoni mbichi unayoiona kwenye kila picha ya sushi ni mgeni: Wajapani walikuwa wakiogopa minyoo ya salmoni wa Pasifiki, mpaka miaka ya 1980 Norway ilipokwenda kuwauzia salmoni wake wa kufugwa kwa chakula cha kiwandani.

Hatua ya pili: kuchagua samaki

Kwa sushi mimi huanza na mgebuka. Nyama yake ni nyeupe, inakaa vizuri ikichomwa, na miiba yake inatoka bila ugomvi. Kuhe anafuata, ni mtamu kuliko mgebuka, ana mafuta kidogo, na kwa kuwa hapatikani ziwa lingine lolote duniani nadhani ni haki yetu kujivunia. Sangala anafaa ukipata mnofu wake. Dagaa nitawarudia, maana wao ndio walionishangaza.

Wahi asubuhi. Tazama macho: yawe yamejaa na kung'aa, yasiwe yamezama. Inua shavu uone matamvua. Mekundu ndiyo, ya kahawia hapana. Bonyeza nyama kwa kidole, irudi. Nusa. Samaki mzima ananuka ziwa.

Ujue pia mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kamili wavuvi wengi hupumzika, kwa hiyo siku hizo dagaa "wabichi" unaouziwa waulize wamelala wapi. Wakati ziwa lilipofungwa mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane, tulikula waliokaushwa. Sushi inawezekana kwa hao pia.

Jambo moja ambalo moto hauliwezi: samaki aliyekaa juani kabla ya kupikwa. Jodari, vibua, na jamii ya sadini, ambamo dagaa wetu wamo, wakikaa bila baridi bakteria hutengeneza histamini kwenye nyama. Histamini haifi kwa kupika, haifi kwa kugandisha, haifi kwa kukausha. Aliyeikula huanza kuwa mwekundu usoni, kichwa kinagonga, mwili unawasha, moyo unakimbia, mara nyingi ndani ya saa moja. Watu husema "nina aleji na dagaa" kumbe ni dagaa wale wa siku ile. Nenda mwaloni na ndoo yenye barafu. Wauzaji watakutania, waache.

Hatua ya tatu: kumwivisha

Mgebuka au kuhe: mpasue, toa mwiba wa kati, kata minofu mirefu yenye unene wa kidole. Mpake tangawizi iliyotwangwa, ndimu, na kijiko kidogo cha soya sosi kwa minofu yote. Dakika 20 zinatosha. Mbanike juu ya mkaa uliotulia, si wenye ndimi za moto. Kipimo cha kitaalamu ni nyuzi 63 katikati ya nyama. Bila kipimajoto, choma uma: nyama iachane tabaka kwa tabaka na isiwe na sehemu yoyote inayong'aa kama kioo. Mwache apoe kabisa kabla ya kumgusisha na wali.

Wa moshi: mfukize kwa mvuke dakika 10 alainike, ondoa ngozi na miiba, chambua. Huyu hahitaji chumvi tena, usidanganyike.

Dagaa wakavu: nunua waliokaushwa kwenye vichanja, usichukue wa mchangani, maana chembe moja ya mchanga ndani ya sushi inaharibu mlo mzima. Toa vichwa, waoshe kwa maji ya moto, wakaushe, kisha wakaange bila mafuta kwenye kikaango kizito mpaka wawe wakavu na wenye kuvunjika. Malizia kwa ndimu na pilipili. Kwa afya hawa ndio washindi kwa sababu wanaliwa na mifupa yao, na kalsiamu ya samaki iko mifupani. Na ladha yao ya kukauka ndani ya wali mchachu, kusema kweli, imenifanya nimsamehe mpwa wangu.

Mawese? Nimejaribu. Yanafunika kila kitu, na wali unateleza haushiki. Mawese yabaki kwenye mboga na maharage yake.

Hatua ya nne: wali, ambao ndio sushi yenyewe

Mchele wa sushi wa Japani ni mfupi na unanata. Wetu ni mrefu na tumefundishwa tangu utotoni kuupika uchambuke, punje kwa punje, mama mkwe asije akacheka. Kwa sushi sahau hayo. Tafuta mchele mpya, wa mavuno ya karibuni, ule ambao kwa kawaida tunaulalamikia kwamba unakuwa bokoboko. Usitie mafuta hata tone, usikaange vitunguu.

Vikombe 2 vya mchele: osha mpaka maji yawe meupe maangavu, loweka nusu saa, chuja. Tia vikombe 3 na robo vya maji; mchele wako ukiwa wa zamani ongeza robo nyingine. Uchemke, punguza moto, funika na usifunue kwa dakika 15. Epua, uache umefunikwa dakika 10 zaidi. Ninaoupenda ni wali unaoshikana ukiuminya lakini punje bado unaziona. Ukipata uji, fanya vitumbua na uanze tena.

Wakati huo changanya siki vijiko 4 vya mezani, sukari vijiko 2 vya mezani, chumvi kijiko 1 cha chai, pasha kidogo mpaka viyeyuke. Siki ya mchele ni laini zaidi. Nyeupe ya dukani ni kali, kwa hiyo iongezee kijiko cha maji. Mwaga wali ukiwa moto kwenye sinia pana, nyunyizia siki, changanya kwa mwiko kama unayekata, usivuruge. Mtu mwingine apepee kwa kipepeo cha jiko, kiwe kisafi. Wajapani hufanya hivyo hivyo, kwa chombo cha mbao. Kupepea kunaondoa mvuke na kuupa wali mng'ao.

Siki haikuwekwa kwa ladha peke yake. Mchele hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus ambazo hazifi kwa kuchemsha. Wali ukikaa vuguvugu huamka, huzaana, na hutoa sumu ya kutapisha ambayo hata ukiupasha tena haiondoki. Uchachu unawabana. Ndiyo maana kupunguza siki "kwa sababu watoto hawapendi" si jambo dogo. Punguza sukari ukitaka, siki acha.

Hatua ya tano: kuviringisha

Karatasi za mwani, nori, hazipatikani kirahisi Kigoma. Zangu huletwa na mtu anayetoka Dar, na hazina uzito, hakuna wa kukukatalia. Usidanganywe kwamba mwani wa Zanzibar ni uleule. Ule ni wa jamii nyingine na zao lake kubwa ni unga wa kugandishia vyakula na vipodozi. Nori ina madini joto na protini kidogo, lakini karatasi moja ina gramu tatu hivi tu, kwa hiyo usiihesabu kama mboga.

Huna mkeka wa mianzi? Kitambaa safi cha jikoni ndani ya mfuko mpya wa plastiki kinatosha. Tandaza nori, upande unaong'aa chini. Lowesha vidole kwa maji yenye siki. Tandaza wali mwembamba, kiasi cha gramu 140 kwa karatasi nzima, ukiacha vidole viwili bila wali upande wa mbali. Weka samaki, ukanda wa parachichi, tango, karoti mbichi iliyochongwa nyembamba. Mboga za kuliwa mbichi zioshwe kwa maji yaliyochemshwa. Kunja kwa kubana, lowesha ukingo, ufunge. Kata kwa kisu kikali, ukikifuta kwa kitambaa chenye maji kila baada ya kukata. Kibao na kisu kilichogusa samaki mbichi visirudi hapa. Utapata vipande 6 hadi 8.

Huna nori kabisa? Viringisha kwa jani la kabichi lililochemshwa dakika mbili, au kwa yai lililokaangwa jembamba kama karatasi. Kuna siku mpwa alitumia chapati. Nikamwambia hiyo Waganda wanaiita rolex na haihitaji Mjapani. Au fanya ile rahisi kuliko zote, chirashi: wali wa siki kwenye bakuli, samaki na mboga zimepambwa juu, basi. Kwa shughuli ya watu 60 ndiyo ninayoipendekeza.

Hatua ya sita: kibakuli cha kuchovyea

Kijiko kimoja cha mezani cha soya sosi ya kawaida kina sodiamu ya miligramu 900 hivi, ambayo ni kama gramu 2.3 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku. Vijiko viwili, ambavyo mtu anavimaliza akiongea, ni karibu siku nzima. Na hapo bado hujahesabu ya kwenye wali na ya samaki wa moshi.

Mimi nachanganya soya kijiko 1, maji vijiko 2, ndimu nzima na tangawizi ya kukwaruza, na hiyo ni ya watu watatu. Chovya upande wa samaki, siyo wa wali. Wali unafyonza kama sponji. Kaka yangu alinung'unika wiki mbili, kisha akasahau.

Kile kiungo cha kijani kinachowasha pua, wasabi, kinachouzwa sehemu nyingi ni mzizi mkali wa Kizungu (horseradish) na haradali vilivyotiwa rangi. Haradali ya dukani au pilipili mbuzi kidogo inafanya kazi ileile ya kufungua pua.

Sahani yako ina nini: hesabu ya kweli

Wali mweupe uliopikwa una kalori 130 hivi kwa gramu 100. Kiringisho kimoja, yaani karatasi moja ya nori iliyoviringishwa na gramu 140 za wali, ni kalori 180 za wali pekee. Samaki wa ndani hazidi gramu 40 hivi, yaani protini gramu 8 hivi. Ukila viringisho vitatu, na vinaliwa haraka kwa sababu ni vidogo, umekula wali gramu 420, sahani iliyojaa hasa, pamoja na sukari ya siki gramu 9 au 10. Hapo ndipo mtu anaposema "nimekula sushi, chakula chepesi".

Uzuri wa kweli wa sushi ni samaki asiyezama kwenye mafuta, na mafuta ya omega-3 aliyonayo. Kwa hiyo ongeza samaki, punguza wali. Nyumbani kwetu mtu mmoja hupata kiringisho kimoja na nusu, samaki wa kubanika pembeni, na kachumbari ya tango isiyo na chumvi. Kilichofanyiwa tempura, yaani kuchovywa kwenye uji wa unga na kukaangwa kwa mafuta mengi, na kumwagiwa mayonezi ni chakula kingine. Kijiko cha mezani cha mayonezi peke yake kina kalori 90 au zaidi, na kwenye joto letu mayonezi ya yai bichi ni hatari.

Mwenye kisukari aanze na samaki na mboga, amalizie na wali. Siki hupunguza kidogo kasi ya sukari kupanda, ila usiifanye dawa. Kipimo ndicho mwamuzi: kaka yangu hupima saa mbili baada ya kula, na kwa kiringisho kimoja na nusu hatujapata mshtuko. Kwa vitatu tulipata.

Mwenye presha, tatizo lako liko kwenye kibakuli.

Mjamzito asile sushi ya samaki mbichi popote pale, hata hoteli iwe na nyota ngapi, kwa sababu ya bakteria aina ya Listeria na wengineo wanaoweza kumfikia mtoto. Ya samaki aliyeiva, iliyotengenezwa sasa hivi, anaweza. Akwepe pia samaki wakubwa wa bahari wenye zebaki nyingi: papa, samaki-upanga, nduaro, na jodari macho-makubwa. Watoto wadogo, wazee, na wanaotumia dawa zinazoshusha kinga wafuate sheria ileile ya samaki aive.

Ukiwa Dar, mbele ya menyu

Muulize mhudumu samaki mbichi amegandishwa kwa muda gani na kwa nyuzi ngapi. Anayejua atajibu bila kubabaika, au atamwita mpishi. Akikuambia "ni fresh kabisa, ametoka Feri leo asubuhi" kwa majivuno, agiza ya kamba aliyechemshwa au ya yai. Nimeshauliza hivyo kwenye mgahawa mmoja mkubwa, mhudumu akaenda jikoni na hakurudi. Bili ililetwa na mwingine.

Vilivyobaki

Wali wa siki usiuweke kwenye friji kwa kula kesho, unakuwa mgumu kama mchele mbichi. Usiuache mezani pia. Vitabu vingine vinaruhusu muda wa saa nne ukiwa na siki ya kutosha; kwa mchana wa Kigoma mimi naishia saa mbili, na chenye samaki ndani hakipiti hapo hata kama wageni wamechelewa. Kwa shughuli, peleka wali kwenye sinia lililofunikwa, samaki kwenye ndoo ya barafu, na uviringishe palepale watu wakiwa wameshakaa.

Vikipita muda, usimpe mtu "ili visiharibike bure". Mpwa wangu alitaka kuvipeleka kwa jirani mara ya kwanza, vilikuwa vimeshinda mezani tangu mchana. Nikamwambia avitupe kwenye shimo la taka. Alivitupa huku anahesabu nauli ya nori kutoka Dar, karatasi moja moja.